Mzazi Si Mfuko wa Michango



Mwaka wa Kanisa unaelekea ukingoni. Tunawaombea marehemu wetu, tunajiandaa kwa Sherehe ya Kristo Mfalme, na baada yake tutaingia Majilio. Mwaka wa shule nao unafikia mwisho wake wakati huohuo. Watoto wa darasa la nne wamekwisha kufanya upimaji wao wa kitaifa. Wale wa darasa la saba, waliofanya mtihani mwezi Septemba, wanapata au wamekwisha kupata matokeo yao. Na mapema Desemba milango ya shule za msingi itafungwa. Katika majuma haya machache mzazi anahitaji kujua mambo mengi kuliko katika kipindi kingine chochote cha mwaka. Nayo ndiyo majuma ambayo, katika sehemu nyingi za nchi yetu, mvua zinaanza, na mzazi huyo yuko shambani tangu alfajiri.

Malalamiko juu ya shule tunayoyasikia katika Jumuiya Ndogondogo, tukiyachambua kwa utulivu, mengi hayahusu ufundishaji mbaya. Yanahusu kutoambiwa. Mzazi hakuambiwa kwamba mtoto wake hajui kusoma mpaka alipofika darasa la nne. Hakuambiwa fedha za shule zimetumikaje. Aliambiwa jambo moja tu, tena kwa haraka: kiasi anachodaiwa.

Tuutazame mkutano wa wazazi wa mwezi Novemba kama ulivyo katika shule nyingi. Mtoto huleta karatasi nyumbani, au haileti. Mkutano ni saa nne asubuhi, siku ya kazi. Taarifa ya taaluma husomwa kwa dakika chache, na muda uliobaki huenda kwenye mchango wa mlinzi, wa uji, wa madawati na wa mitihani ya majaribio. Watu wamekwisha kuujua mkutano huo. Baba humtuma mama, mama humtuma bibi, na bibi huketi nyuma akisubiri kuambiwa kiasi. Wachache waliofika hupitisha jambo kwa niaba ya wengi wasiofika, na Januari, shule ikifunguliwa, mtoto wa asiyefika ndiye anayeulizwa mbele ya wenzake. Hapo haki imevunjwa, na aliyeumia ni yule asiyekuwa na sauti katika mkutano wala fedha mfukoni.

Yafaa tukumbuke taratibu zilivyo. Ada katika shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, ukaanza mwaka 2002. Januari 2016 utaratibu wa elimu bila ada ulienezwa mpaka kidato cha nne. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango, akaagiza kwamba mzazi anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Lakini hakuna aliyesema kwamba wajibu wa mzazi umefutwa. Sare, madaftari na chakula cha mtoto wa shule ya kutwa vilibaki mikononi mwa wazazi. Tunasema kwa uchungu kwamba wengi wetu tulisikia neno "bure" mahali ambapo lilitamkwa "bila ada", na tangu siku hiyo tukaiacha shule kama mtu aachavyo kibanda kisicho chake. Waamini wengine bado wanayo mawazo ya tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misheni zilipowekwa chini ya serikali: kwamba shule ni ya wakubwa, sisi ni wapita njia. Watoto walio ndani ya madarasa hayo ni wetu vilevile.

Sasa juu ya fedha. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku iliwekwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 zilikusudiwa kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule, na 4,000 kununulia vitabu kwa pamoja. Mzazi yeyote aweza kupiga hesabu hiyo. Shule ya watoto 600, kwa kiwango hicho, ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Kwa wanakijiji ni fedha nyingi. Kwa mwalimu mkuu anayetakiwa kununua chaki, kukarabati darasa na kugharamia mitihani, ni kidogo sana. Mambo yote mawili ni kweli, na ndiyo maana hesabu isomwe hadharani. Mwalimu mkuu mwaminifu ndiye wa kwanza kufaidika, kwa sababu wazazi wakiona wazi kwamba fedha hazitoshi, mchango unaoombwa hauna tena sura ya hila. Tangu siku za MMEM ilitakiwa mapato na matumizi yabandikwe katika ubao wa matangazo wa shule. Tunawaomba viongozi wa walei wapite wakautazame ubao huo. Kama hauna kitu, waulize kwa heshima, na waiulize kamati ya shule, kwa maana kamati hiyo ina wajumbe tuliowachagua sisi wenyewe, na mwalimu mkuu ni katibu wake.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalifahamu, nalo si dogo. Kwa Sera ya Elimu, toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima itaendelea mpaka kidato cha nne. Watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 ndio wa kwanza: kwa mpango uliotangazwa, watamaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wenzao wa darasa la saba, na makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza mwaka 2028. Mzazi mwenye watoto wawili waliofuatana aweza kujikuta akiwanunulia wote sare ya sekondari mwezi mmoja. Mkulima anayeambiwa mapema atapanda ekari ya ziada au atafuga kuku. Anayeambiwa Desemba ya mwisho atauza shamba, au atachagua mmoja wa kusoma. Nasi twajua ni nani huachwa pale mzazi anapochagua kati ya mtoto wa kiume na wa kike.

Hapa hatuwezi kunyamaza. Wako wazazi wanaomwambia binti yao aandike majibu ya uongo katika mtihani wa darasa la saba ili asifaulu, apate kuolewa au kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Matokeo yanapokuja, nyumba nzima hujifanya kusikitika. Mwalimu hushangaa, kwa kuwa daftari la mtoto linasema mengine. Kama mwalimu na mzazi hawajaonana mwaka mzima, nani atauliza? Mwanajumuiya anayemfahamu binti huyo, aliyemwona akiwasomea wenzake neno la Mungu katika sala ya jumuiya, ndiye anayepaswa kuuliza, na mapema, kabla binti hajapakiwa kwenye basi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Mlezi wa kwanza hawezi kuwa wa mwisho kupata habari. Mafundisho hayo hayampi mzazi haki tu, yanamdai pia. Baba asiyejua jina la mwalimu wa darasa wa mwanawe hana msingi wa kuilaumu shule, hata kama analipa kila mchango kwa wakati.

Tungependa mikutano ya wazazi ifanyike alasiri, au siku ambayo watu hawaendi shambani, na Halmashauri ya Walei inaweza kuzungumza na kamati ya shule kuhusu jambo hilo bila kugombana na mtu. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa ni zuri kwa wenye simu za namna hiyo. Bibi anayelea wajukuu yatima, mwenye kitochi au asiye na simu kabisa, hayumo. Kwa ajili yake mjumbe wa jumuiya afike nyumbani, amsomee ripoti ya mtoto polepole, kwa lugha anayoielewa, na amweleze alama hizo zina maana gani. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Akina mama wa WAWATA wamezoea kutembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba, na nyingi ya nyumba hizo zina watoto wa shule. Tunaomba pia kwamba matangazo ya Jumapili yasigeuzwe kuwa orodha ya wadaiwa wa shule. Tangazo likisomwa kanisani, liwe na tarehe, saa na mambo yatakayojadiliwa, bila majina ya watu.

Kwa hiyo, katika juma linalotangulia Dominika ya kwanza ya Majilio, kila jumuiya itenge muda baada ya Injili ili wazazi waseme wanajua nini na hawajui nini juu ya shule ya watoto wao: matokeo, ruzuku, uji wa mchana, na safari ya mwaka 2027. Maswali yasiyopata majibu yaandikwe, yakabidhiwe kwa katibu wa Tume wa parokia, naye ayafikishe kwa kamati ya shule kabla ya siku ya kufunga. Majibu yatasomwa katika jumuiya zilezile mwezi Januari, kabla ya kengele ya kwanza kupigwa.