Kurusha Siyo Kupokea

Jirani yangu hapa Sofu, mjini Kibaha, ni mwalimu aliyefundisha fizikia kwa miaka mingi. Hivi karibuni alimnunulia binti yake wa kidato cha nne hedifoni zisizo na waya, ili aweze kufuata vipindi vya masomo katika runinga usiku bila kuwaamsha wadogo zake. Sauti ya runinga yao hupitia katika sabufa, na juu ya sabufa hiyo pameandikwa Bluetooth kwa herufi kubwa. Katika boksi la hedifoni pameandikwa vilevile. Mwalimu alihangaika jioni nzima kuviunganisha vyombo hivyo, na mwishowe akakata shauri kwamba ameuziwa hedifoni mbovu.

Hazikuwa mbovu. Sabufa ile, kama zilivyo nyingi, imeundwa ili ipokee mawimbi kutoka katika simu. Haikupewa uwezo wa kuyarusha. Hedifoni nazo kazi yao ni kupokea sauti. Kuviunganisha vyombo hivyo viwili ni sawa na kuzielekeza redio mbili uso kwa uso, kisha kungoja mojawapo ianze kutangaza.

Sisemi haya ili kumcheka jirani yangu. Nasema kwa sababu naona kosa hili linaanzia darasani. Twamfundisha mwanafunzi kanuni ya mawimbi, naye aweza kutuambia bila kusita kwamba wimbi la gigahezi 2.4, ambalo ndilo litumiwalo na Bluetooth, lina urefu wa sentimita 12 na nusu. Lakini hatumzoezi kuuliza swali lililo jepesi zaidi kabla ya kutoa fedha ya mzazi wake: kati ya vyombo hivi, kipi kinarusha na kipi kinapokea?

Neno lenyewe Bluetooth halimsaidii mnunuzi. Ni jina la utani la Harald, mfalme wa Denmaki wa karne ya 10, lililopewa ufundi ambao ulianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson huko Uswidi mwaka 1994. (Wenyeji wa Kibaha watakumbuka kwamba Uswidi na Denmaki ni miongoni mwa nchi za Nordiki zilizosaidia kuanzisha kituo cha elimu hapa kwetu katika miaka ya 1960.) Jina hilo laeleza lugha ambayo vyombo huzungumza, wala halielezi nani msemaji na nani msikilizaji.

Dawa ipo, tena si ya gharama kubwa. Kuna kifaa kidogo cha kurushia ambacho huchomekwa katika tundu la kutolea sauti. Hapa pana mtego mwingine, maana sabufa nyingi zina matundu ya kuingizia sauti tu, na yale ya spika. Kifaa hicho kisiunganishwe kamwe na matundu ya spika, kwani umeme utokao hapo una nguvu ya kuendesha spika nzima na waweza kukiunguza. Yafaa kurudi nyuma hadi kwenye chanzo cha sauti: tundu la hedifoni la runinga, au yale matundu mekundu na meupe ya king'amuzi, ikiwa hayatumiki. Amplifaya kubwa huwa na tundu lake la hedifoni, nalo lafaa pia.

Kompyuta haina taabu hiyo, kwa kuwa hurusha na kupokea. Ile ya zamani isiyo na Bluetooth huongezewa kipande kidogo katika tundu la USB. Lakini mwanafunzi asishangae iwapo sauti nzuri aliyokuwa akiisikia itageuka ghafla kuwa kama ya simu mara anapowasha maikrofoni ya hedifoni hizo ili amjibu mwalimu. Katika vyombo vingi njia ya hewani ni nyembamba. Inapobidi kubeba sauti pande zote mbili, ubora hupunguzwa. Na atumie maikrofoni ya kompyuta yenyewe, ataona tofauti.

Liko jambo jingine ambalo ningependa kila mwalimu wa fizikia alionyeshe darasani. Sauti hupangwa upya katika tarakimu, hurushwa vipande vipande huku masafa yakibadilishwa mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa mawimbi mengine, kisha hukusanywa tena masikioni. Kazi hiyo yaweza kuchukua sehemu mbili za kumi za sekunde. Katika muda huo sauti ya kawaida husafiri hewani meta 68 hivi, yaani upana wa kiwanja cha mpira. Basi mtazamaji humwona msemaji akifumba mdomo kabla neno halijamfikia, kama amwonavyo mpasua kuni aliye upande wa pili wa kiwanja. Mwenye kusikiliza somo tupu hapotezi kitu. Mwenye kujifunza kinanda kwa kompyuta afadhali atumie waya.

Naonelea Shirika la Viwango Tanzania lingefanya vema kutaka maneno mawili tu ya Kiswahili yapigwe chapa juu ya kila chombo cha namna hii: «hurusha» au «hupokea». Jirani yangu amekwisha kuyaandika kwa wino juu ya sabufa yake. Kifaa cha kurushia sasa kimo nyuma ya king'amuzi, na zile hedifoni alizotaka kuzirudisha dukani zinatumika kila usiku.