Mkutano wa AI Ufike na Kwenye Majani Chai

Ndugu yangu, dada yangu wa Kimulot, tuongee kidogo.

Ukisikia kuna mkutano wa watu wa akili bandia, hii AI, unafikiria nini? Nairobi. Hoteli. Laptopu. Vijana wa kampuni changa wakitafuta wawekezaji. Unasema, "Hiyo si yetu, sisi ni watu wa chai," unaendelea na shughuli zako. Leo tunakuomba usiseme hivyo tena.

Mwaka 2017 watafiti na watengenezaji programu Waafrika walikutana Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, wakaanzisha Deep Learning Indaba. Walitaka Mwafrika ajenge AI, asikae tu kuitumia. Agosti 2019 Indaba ilikuja kwetu, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Katika jamii hiyo hiyo kukakua Masakhane, kundi linalofundisha kompyuta lugha za Kiafrika, wengi wao wakifanya kazi ya kujitolea. Jina ni la Kizulu, maana yake tujenge pamoja. Hawakungoja mtu awape ruhusa. Walikutana, wakaanza.

Sasa tuulizane: tujenge pamoja na nani?

Unajua vile mashine za kuchuma chai zimeingia kwenye mashamba makubwa ya Kericho na Bomet. Moja inafanya kazi ya watu wengi. Mzozo wake ulivutwa miaka mingi, hadi mahakamani. Mei 2023 hasira ikalipuka Kericho: mashine zikachomwa moto, polisi wakaja, mwandamanaji mmoja akauawa. Mashine zile hazikuwa AI, lakini zinatufundisha jambo. Mashine ikishanunuliwa na kuwashwa, mama anayechuma majani mawili na chipukizi anabaki na nafasi ndogo sana ya kusikizwa. Kuzungumza ni kabla.

Mwezi huo huo, tarehe 1 Mei, zaidi ya wafanyakazi 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hawa ni watu waliokuwa wakichuja uchafu wa Facebook, TikTok na ChatGPT ili wewe usiuone. Januari mwaka huo jarida la TIME lilikuwa limeeleza kwamba Wakenya waliosaidia kusafisha ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kwa hivyo tusidanganyane eti AI bado haijafika kwetu. Vijana wetu wako ndani kitambo, ila wameingilia mlango wa vibarua.

AI ina watu watatu: anayeijenga, anayeifanyia kibarua, na yule ambaye kazi yake inaguswa. Mikutano mingi inaalika wa kwanza tu. Sisi tunajua jambo la watu huamuliwa na watu wenyewe wakishauriana. Basi wote watatu wakae chumba kimoja.

Ukisikia mkutano kama huo Kericho, Eldoret, Nakuru au Nairobi, nenda, hata kama hujui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Nenda na maswali matatu. Data mnayotumia ni ya nani, na alikubali? Wanaofanya kazi ya mikono nyuma ya hii programu wanalipwa ngapi? Nani atapoteza kazi, na mpango wake ni upi?

Haya si maswali ya kuombea msamaha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumika vipi. Pia inakulinda usiamuliwe mambo mazito na mashine peke yake, bila binadamu kuangalia. Programu ya mkopo ikikukataa kwa sekunde mbili, una haki ya kuuliza ni nani aliamua.

Halafu, itisheni wenu hapa hapa. Hauhitaji hoteli. Darasa moja Jumamosi mchana linatosha. Leteni kijana aliyesomea kompyuta, mzee anayepeleka chai kituoni, mama mchumaji, na afisa wa kilimo akikubali. Anzeni na shida mnazozijua: uzani wa majani kituoni, mvua ya mawe inayomaliza shamba kwa dakika chache, barua ya bonasi ambayo nyanya haielewi kwa sababu haikuandikwa kwa Kipsigis. Mtengenezaji programu aliyekaa Nairobi hazijui hizi shida. Wewe unazijua tangu utotoni, na huo ni ujuzi ambao hakuna chuo kitakupa.

Kabla wiki iishe, tafuta watu watano. Mmoja awe anajua kompyuta, na mmoja awe anachuma chai. Hao wakikubali siku na saa, mkutano tayari mnao.