Corona ilipofunga vyuo, wanachuo wa Tarime na Serengeti walirudi kwenye jembe

Habari za uzito wa wanachuo wakati wa corona zimezoeleka hivi: chuo kimefungwa, kijana kafungiwa ndani, anakula, analala, anashika simu, kilo zinapanda. Kwa mwanachuo wa London au Milan kuna ukweli hapo. Kwa aliyeshuka kwenye basi Sirari, Nyamwaga au Mugumu na begi lake mgongoni, mambo yalikuwa tofauti kabisa.

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa michezo, na Machi 18 zamu ikawa ya vyuo. Vyote viwili, vyuo na michezo, vikaruhusiwa tena Juni 1. Lakini katikati hapo hakuna aliyezuiwa kutoka nje ya nyumba yake.

Ng'ambo ya mpaka wa Sirari hali ilikuwa nyingine. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 27. Uganda ilikaza zaidi, hadi Rais Museveni akajirekodi Aprili akipiga pushapu ndani ya Ikulu ili kuwaonyesha raia namna ya kufanya mazoezi bila kutoka.

Tarime hakuna aliyehitaji video hiyo. Machi hadi Mei ni masika, na masika maana yake palizi. Mwanachuo anayerudi nyumbani kipindi hicho hakaribishwi kama mgeni, anahesabiwa kama mikono miwili iliyoongezeka. Kuna mahindi, kuna migomba ya milimani, kuna mihogo, na mashamba mengine yako kwenye mteremko ambao kuupanda tu bila jembe ni jasho tosha. Bado maji, kuni na ng'ombe.

Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Na likasema wazi kuwa kazi za shamba na za nyumbani nazo zinahesabika. Kwa kipimo hicho, asubuhi mbili tatu za palizi zinamaliza wiki nzima.

Jembe halikugawanywa sawa

Hata hivyo, nyumba moja ingeweza kuwa na hesabu mbili. Binti akitoka shamba anapitia maji, anawasha moto, anasonga ugali, anaosha vyombo. Kaka yake akitoka shamba, mara nyingi kazi imeisha, na jioni anaelekea kijiweni. Mpira nao ulikuwa umesimamishwa, hivyo zile mechi za jioni zilizokuwa zikimtoa jasho zilipungua.

Na si kila mtu alirudi shambani. Mtoto wa mwalimu au mwenye duka pale Tarime mjini angeweza kumaliza miezi miwili na nusu nyuma ya kaunta, soda pembeni, WhatsApp mkononi. Huyo ndiye anayefanana na mwanachuo wa kwenye habari za Ulaya.

Hapa kuna mtego. Wakati ule utafiti mwingi duniani ulifanywa kwa dodoso za mtandaoni. Anayejaza dodoso hiyo ni mwenye bando, mtandao na muda wa kukaa. Aliye bondeni anapalilia, simu ikiwa haina chaji, hajibu. Na akiulizwa tu "unafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki?", kuna uwezekano mkubwa atajibu sifuri, maana kulima hakuiti mazoezi. Anaiita kazi.

Mizani haisemi kila kitu

Upande wa Serengeti jambo zito zaidi lilikuwa sahani. Vijiji kama Robanda vinaishi kwa karibu sana na utalii. Aprili 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18, lakini watalii hawakurudi siku hiyohiyo. Mzazi aliyekuwa mpishi au mlinzi kambini akikosa kazi, mlo wa usiku unapungua hapohapo, wakati kijana wa chuo ameongezeka mezani. Bumu nalo ni la kujikimu chuoni, na chuo kilikuwa kimefungwa.

Kilo tatu zilizopungua kwa jembe na kilo tatu zilizopungua kwa kuruka mlo zinasomeka sawa kwenye mizani. Kwa hiyo kumpongeza kijana wa Mugumu kwamba corona ilimpunguza mwili ni kuharakisha. Kwanza aulizwe alikula nini, na mara ngapi kwa siku.

Juni 1 mabasi yakaanza kuwarudisha Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Jembe likabaki nyumbani. Getini chuoni zilikuwepo bodaboda, na hatua chache mbele, chipsi mayai.