Gari la Wagonjwa Lilipiwe Kabla ya Safari

Kukabidhi gari la wagonjwa ni kazi nyepesi, tena ya kupendeza. Mgeni rasmi hukata utepe, king'ora hulizwa kidogo, picha hupigwa, na wananchi hushangilia, wala si vibaya. Kazi yenyewe huanza kesho yake, gari linapohitaji mafuta, matairi, madereva wa zamu zote, muuguzi wa kukaa na mgonjwa njiani, na mtu wa kupokea simu saa nane za usiku. Gharama hizo hazina sherehe, ndiyo maana ni rahisi kusahaulika katika bajeti. Pasipo fungu lake, gari huegeshwa nyuma ya kituo cha afya, na ndugu wa mgonjwa huambiwa wachangie mafuta kwanza. Huo ni utaratibu mbovu. Huduma ya dharura haina budi kugharimiwa na fedha za umma, nayo iwe imekwisha kulipiwa kabla mgonjwa hajapatikana.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki ndani ya saa mbili hivi, hata kama alikuwa mzima wa afya. Ni muda gani basi uliobaki wa kuzungusha daftari la michango? Mwenye dharura hachagui siku, hapatani bei, na pengine hata fahamu hana. Ndiyo sababu malipo ya kila safari hayawezi kuendesha huduma hii: gari lililojaa mafuta na likakesha bila kuitwa limefanya kazi yake. Askari wa Zimamoto nao hatuwalipi kwa kuhesabu nyumba zilizoungua (kama hufika na maji ya kutosha, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine).

Wala hatuzungumzii ndoto. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa hapa Tanzania na kuanza kusambazwa kitaifa mwaka 2022, huwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kwa simu ya bure, namba 115. Gari la wagonjwa likiwa mbali, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa na mfumo wenyewe. Familia haidaiwi nauli. Ulianza kwa msaada mkubwa wa wafadhili, na hapo ndipo penye funzo na hofu pia: ufadhili una mwisho wake, uzazi hauna. Majirani nao wamepita njia zao. Rwanda ilianzisha huduma yake ya dharura, SAMU, mwaka 2007, na namba yake ni 912. Kenya iliandika katika Katiba ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini sheria iliyounda Mfuko wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi ilikuja mwaka 2023. Kati ya haki na fedha ilipita miaka 13.

Wapo watakaosema hazina haitoshi. Lakini kila lita ya petroli hapa Tanzania inatozwa kwa ajili ya Mfuko wa Barabara, na barabara hizohizo ndizo zinazotuletea majeruhi. Kutenga sehemu ndogo ya tozo ya namna hiyo kwa ajili yao si uonevu kwa mwenye gari, kwani naye ni mteja mtarajiwa. Wengine watasema bima ya afya kwa wote itamaliza jambo hili. Bima hulipia aliyehudumiwa. Haiweki dereva zamuni. Ipo pia hoja ya bodaboda, nami siidharau, maana imewafikisha wengi zahanati. Ila aliyevunjika uti wa mgongo hapakatwi. Na hofu kwamba watu watapiga simu kwa maumivu ya jino huondolewa na mpokea simu aliyefunzwa kuuliza maswali machache na kupambanua.

Bunge la Dodoma hupitisha bajeti kila Juni, lakini maswali yaanzie kwa diwani, mapema. Tusimuulize halmashauri ina magari mangapi ya wagonjwa. Tumuulize mafuta yake yametengewa kiasi gani mwaka huu wa fedha, nani yuko zamu usiku wa leo, na simu ikipigwa anapokea nani.