Aliyejitoa Asifungiwe Mlango

Tangu shule moja ya jirani ijitoe katika umoja wetu wa michezo na kuingia umoja mwingine, mabwenini hakuna mazungumzo mengine. Wengi wanasema, "Mwacha asili ni mtumwa, tusicheze nao tena." Nami naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipinge.

Kwanza nakiri kwamba hata mimi nilikasirika. Mechi yao tulikuwa tukiingoja mwaka mzima, maana ndio peke yao waliopata kutushinda katika kiwanja chetu. Lakini nilipouliza sababu, nikaambiwa ni nauli. Kila mwaka, toka Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa ili samaki wazae. Basi muhula unapoanza Januari, wazazi wengi wa Nchelenge na Kashikishi hawana fedha, na lori la kuchukua wachezaji halilipiki. Umoja walioingia una shule zilizo karibu nao zaidi. Je, hilo ni kosa?

Na tuwatazame wakubwa. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926, nalo lilikuwa la Kenya na Uganda tu. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Baadaye kikaja chama cha CECAFA, ambacho kombe lake lilianza kuchezwa mwaka 1973. Zambia yetu ilikuwamo, ikalitwaa mwaka 1984 na tena 1991. Kisha mwaka 1997 kikaundwa chama cha kusini, COSAFA, nasi tukahamia huko, na kombe lake la kwanza tukalichukua sisi. Nani alituita watumwa?

Tena mwaka 2006 CECAFA walitualika Ethiopia kama wageni. Katika fainali tuliwashinda Sudan kwa penalti, lakini kombe wakapewa Sudan, kwa kuwa sisi hatukuwa wanachama. Mimi naona hiyo ni haki. Kombe lina wenyewe, lakini mchezo ni wa wote.

Ndugu zangu, simameni ufukoni mtazame ng'ambo. Kule ni Kongo, kuna Kilwa na Pweto, watu tunaouziana nao samaki na kusemezana nao Kiswahili. Kwa mpira, wao wamo katika umoja wa Afrika ya Kati, sisi tumo katika ule wa kusini, na Watanzania wamo CECAFA. Vyama vitatu, na bado sokoni twaonana kila siku. Vyama hubadilika, jirani habadiliki.

Kwa hiyo nashauri hivi. Ngao yetu ibaki ya wanachama, wala asiyelipa ada asiishindanie. Lakini shule ile tuialike mara moja kila mwaka, kama wageni, baada ya uvuvi kufunguliwa. Lori tuligharimie nusu kwa nusu. Na ninyi wanafunzi wa zamani, mliokula ugali wa shule hii na sasa mna kazi Mansa na Copperbelt, mkitusaidia hiyo nusu yetu hatutasahau.

Tukiwafungia mlango, tutabaki na ngao safi ukutani, wala hatutajua kama kweli sisi ni hodari. Mimi nataka wale walionifunga mabao mawili warudi, niwalipe.

Aliye na neno jingine na aseme.