Mkipima wasiwasi wa simu, msihesabu saa

Kijana akisahau simu nyumbani, hushuka daladala akairudia hata kama ameshafika Ubungo. Wazee wengi huuita huo uraibu, na dawa yao ni moja: apunguze saa za kushika simu. Dawa hiyo naona haifiki penye ugonjwa.

Mwaka 2015 Caglar Yildirim na Ana-Paula Correia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walitoa dodoso la vipengele 20 la kupima hofu ya kuwa mbali na simu. Humo mna hofu ya chaji kuisha na hofu ya kuishiwa salio. Kwa kijana wa Mbagala anayesubiri kupigiwa aambiwe kama kesho kuna kibarua, na akiba yake yote iko kwenye simu hiyohiyo, hofu ya namna hiyo ina haki. Simu ikizima, huenda akakosa riziki ya siku. Kumwambia aache TikTok hakumsaidii kitu.

Wasiwasi mwingine, ndiyo, unaletwa na burudani. Lakini mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani, wengi wakiwa bado wa umri wa shule, wakakuta matumizi ya teknolojia yanaeleza kisichozidi asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wapo waliohitimisha kwamba simu haina neno. Mimi naona kosa ni kujumlisha mambo yasiyofanana. Mechi mtandaoni ina dakika zake 90. Refa akipuliza kipyenga cha mwisho, mnabishana kidogo, mnalala. Video fupi hazina kipyenga. Hata Aza Raskin, aliyebuni mwaka 2006 ukurasa unaoshuka bila mwisho, ameujutia hadharani. Na mechi ileile, kijana akishaweka mkeka wa kubeti, inabadilika: haangalii tena mpira, anaangalia hela yake, na kila simu inapotetemeka moyo unamruka. Tiki za bluu za WhatsApp, zikionyesha ujumbe umesomwa na jibu halijaja, nazo humweka katika kungoja kama huko.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni bei. Ingia hosteli ya chuo saa saba usiku. Taa zimezimwa, nyuso zinang'aa kwa mwanga wa kioo. Bando la usiku ni nafuu kuliko la mchana na muda wake huisha alfajiri, kwa hiyo aliyelinunua anaona akilala na nusu imebaki ametupa hela. Anaangalia hata asichokipenda. Asubuhi yuko darasani hajalala, na akili iliyochoka hushtuka kwa kila kitu. Huyu tumlaumu kwa kukosa nidhamu?

Kwenye bei hizo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inaweza kuingilia kati. Aprili 2021, wateja walipopaza sauti, bei mpya za vifurushi zilisitishwa. Kenya, Safaricom ilianza mwaka 2019 kuuza data isiyoisha muda, kwa hiyo mitambo inaruhusu. Bando lililolipiwa lidumu mpaka mteja alimalize mwenyewe, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Kampuni zikisema gharama zitapanda, ziweke hesabu zake mezani tuzisome.