Inafanya Kazi Wapi?

Kijana mmoja niliyemfundisha shule ya msingi, ambaye leo ni fundi wa kompyuta, alinijia nyumbani akilalamika. Yeye hutengeneza vifurushi vya programu za Linux, na kimoja kilikuwa kimerudishwa kwa kukiuka kanuni. "Mwalimu," alisema, "Linux ni uhuru. Hawa wanatuletea urasimu. Programu inafanya kazi. Wanataka nini zaidi?"

Sikubaliani naye, wala na wenzake wenye fikira hizo.

Inafanya kazi wapi? Kwenye kompyuta yake! Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa na mwalimu hodari aliyeweka somo lote kichwani, hana maazimio ya kazi wala andalio la somo. Darasa lake lilifaulu. Alipohamishwa katikati ya muhula, aliyempokea hakujua pa kuanzia, na walioumia ni watoto.

Tuzitazame kanuni zenyewe. Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, una kitabu chake cha kanuni. Kinataka kifurushi kitaje programu nyingine kinazozitegemea. Kieleze hakimiliki na leseni. Mafaili yakae mahali panapojulikana. Na toleo jipya lisifute marekebisho ambayo mwenye kompyuta ameyafanya katika mafaili ya mipangilio. Urasimu uko wapi hapo? Hiyo ni adabu ya mgeni aingiapo nyumba ya mtu.

Atakayesema haya ni madogo akumbuke Machi 2024. Andres Freund, aliyeshangaa kuona kuingia katika kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde, aligundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz. Kipande cha hila kilichowezesha mlango huo kujengwa hakikuwamo katika hazina ambayo kila mtu huisoma. Kilitiwa katika furushi walilopewa watengenezaji wa vifurushi. Ndiyo maana wapo wanaodai kifurushi kijengwe kutoka katika maandishi yanayoonekana na wote, tena watu wawili wakikijenga mbalimbali wapate kitu kilekile.

Sisemi kila kanuni ni njema. Kanuni isiyoelezwa sababu ni fimbo tu, nami nilizishika fimbo za kutosha kujua hazifundishi. Waandishi wa kanuni waandike sababu kando ya kila amri, na amri iliyopoteza sababu yake ifutwe. Lakini kuidai sababu si sawa na kuikataa kanuni.

Nilimwomba kijana anisomee barua aliyorudishiwa. Ilikuwa fupi. Hakuwa ametaja programu mbili ambazo kifurushi chake kinazitegemea; kwake zilikuwamo tayari, hivyo hakuziona. Uhuru wake haukuguswa. Ambaye angekosa uhuru ni mtu wa mbali, pengine mwalimu wa shule isiyo na fundi, ambaye angekaa mbele ya programu isiyofunguka asijue la kufanya.

Aliondoka kimya. Natumaini alikwenda kuziandika.